Mashine ya Matawi: Anayeilisha Aulizwe Kwanza



Mashamba mengi ya chai ya hapa Uganda, kutoka Toro mpaka Ankole, yana misitu yake ya mikaratusi, kwa sababu viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni. Mti ukiangushwa, gogo huenda kwenye boila na matawi hubaki. Kuna pia matawi yanayokatwa kando ya barabara, chini ya waya za umeme, na juu ya mapaa ya kambi kabla upepo haujayaangusha. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa panga na kichwa. Sasa wako waajiri wanaotaka mashine ndogo ya kukatakata matawi, ile ambayo mafundi huiita chipa. Tawi linaingizwa upande mmoja na vipande vidogo vinarushwa nje kwa bomba upande wa pili.

Mimi siipingi. Kubeba matawi mabichi kichwani kupanda mlima si kazi ya kuililia. Najua wenzetu wengine huona kila mashine ni adui, nao wana sababu yao. Mwaka 2023 huko Kericho, kwa majirani zetu wa Kenya, watu walichoma mashine za kuchuma chai kwa kuwa waliona zinawanyang'anya wachumaji riziki. Lakini hii ya matawi ina ubaya wa namna nyingine, na ubaya huo huamuliwa siku ya kununua. Meneja huomba bei kwa wauzaji watatu, ofisi huchagua ya chini, mashine huletwa kwa lori, na kijana aliyekuwa akibeba matawi jana huambiwa aanze kuilisha leo. Nasema mashine hii isinunuliwe kabla ya wale watakaoilisha kuiona ikifanya kazi na kutoa maoni yao.

Huko Marekani, ambako mashine hizi ni nyingi, hesabu za serikali zilionyesha wafanyakazi 31 waliouawa nazo kati ya mwaka 1992 na 2002. Wengi wao walivutwa ndani. Wengine walipigwa na kifuniko cha visu, kwa sababu kilifunguliwa kabla visu havijasimama au hakikufungwa sawasawa, kikagongwa na kurushwa. Hao walikuwa watu wa nchi yenye wakaguzi, vitabu vya mafunzo na hospitali karibu. Tusidhani sisi tutapona kwa bahati.

Basi tuanze na mdomo, yaani lile faneli la chuma ambalo tawi huingizwa. Mtu wa ununuzi hutazama upana wake. Wewe tazama urefu wake. Mashine nyingi za ukubwa huu huvuta tawi kwa mwendo wa kama mita 20 hadi 30 kwa dakika, maana yake kati ya theluthi moja na nusu ya mita kila sekunde. Tawi likinasa mkono wa shati, una sekunde mbili au tatu za kufikiri, na katika sekunde hizo hakuna anayefikiri vizuri. Kwa hiyo, mashine ikiwa imezimwa kabisa na ufunguo umo mfukoni mwako, simama mbele ya mdomo, inama, nyosha mkono. Ukigusa rola, mdomo ni mfupi, nayo mashine hiyo irudi ilikotoka. Mdomo mzuri humwacha mtu mrefu mbali na rola hata akijinyoosha.

Rola ni zile chuma zenye meno zinazoshika tawi na kulipeleka kwenye visu. Ziko mashine za zamani zisizo na rola kabisa: visu vyenyewe ndivyo vinavyonyakua tawi, nalo huenda kwa kasi ya kutisha huku likimcharaza mtu kama kiboko. Nchi zilizozitengeneza zimekuwa zikiziacha, na mashine iliyoachwa huko hupata mnunuzi mahali pengine kwa bei nafuu. Mkiletewa mashine kuukuu iliyopakwa rangi mpya, swali la kwanza liwe hilo: rola ziko wapi? La pili: zinarudi nyuma? Rola isiyoweza kugeuzwa kurudisha tawi haina msaada wowote wakati wa ajali.

Halafu iko fimbo ya kusimamisha. Katika mashine zinazotengenezwa kwa sheria za Ulaya, fimbo hii huzunguka mbele ya mdomo, chini na pembeni, ili mtu anayevutwa aisukume kwa paja au kwa kiuno hata kama mikono yake yote imenaswa. Kitufe chekundu kilichowekwa juu ya injini hakimsaidii mtu wa namna hiyo. Ijaribuni mbele ya muuzaji: isukumeni kwa mguu, rola zisimame papo hapo. Mkute pia kama haijafungwa kwa waya. Nimeona mashine ambayo fimbo yake ilifungwa kwa waya na mnyapara, eti ilikuwa ikiguswa na matawi na kuchelewesha kazi.

Kuna kifaa kingine ambacho wauzaji hukisifu sana, na kweli ni kizuri, ila wafanyakazi waelezwe. Injini ikilemewa, rola husimama zenyewe. Injini ikipata nguvu tena, rola huanza zenyewe bila kuguswa na mtu. Asiyejua akiona rola zimesimama huweka mkono kusukuma tawi lililokwama. Tena injini ikizimwa kabisa, dramu au sahani yenye visu ni nzito na huendelea kuzunguka kwa muda. Kwa hiyo kifuniko cha visu kiwe na kufuli inayozuia kisifunguke kabla havijasimama.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo wenye fedha hudanganywa, na sisi ndio tunaolipa. Mashine huandikwa "inchi 6", mkadhani itakula tawi la inchi 6 siku nzima. Hiyo ni nafasi ya kuingilia tu. Mkaratusi uliokauka ni mgumu, na matawi yake yana pembe zinazokwama. Kwa kazi ya kila siku ya shamba, mashine ya inchi 6 yenye injini ya nguvu ya farasi 25 hadi 35 itafanya vizuri matawi ya inchi 3 na 4, na hiyo ndiyo saizi ninayoipendekeza. Vile vimashine vya bustani vyenye injini kama ya pampu ya maji, ambavyo tawi huanguka ndani kwa uzito wake, visikanyage shambani. Vikikwama, mtu husukuma kwa fimbo, kesho kwa mguu, keshokutwa kwa mkono.

Wengine watasema shamba lina trekta, basi linunue mashine inayozungushwa na shafti ya trekta. Si wazo baya kama trekta lina nafasi na shafti ina kifuniko kizima. Lakini trekta letu linabeba chai, na chai haingoji. Mtaona matawi yanakatwa jioni, kwa haraka, gizani.

Nilialikwa mara moja na wajumbe wawili kuona mashine ikionyeshwa katika shamba fulani. Muuzaji alikuja na matawi yake mwenyewe ya msindano, mabichi, yaliyonyooka kama penseli. Mashine ikayala kama muwa. Tukamwomba ajaribu rundo la mkaratusi lililokuwa pale pale kandoni, la miezi mitatu. Akasema muda umekwisha. Tangu siku hiyo nashauri kila tawi la chama lipeleke matawi ya miti, si masikio tu. Yawepo makavu, yaliyopinda na yenye panda.

Jambo la visu linahitaji macho. Kisu kikiwa kikali, mashine hutema vipande safi. Kikiwa butu hutema nyuzi na vumbi, injini hulia, tawi hudundadunda, na hapo ndipo mlishaji huanza kusukuma. Mchanga na misumari huua kisu kwa asubuhi moja. Kwa hiyo kabla ya kununua iulizwe visu vya akiba vinapatikana Kampala au vinaagizwa ng'ambo, bolti zake ni za aina gani, na fundi gani amefundishwa kuvibadilisha. Visu seti mbili ziwe ndani ya oda ile ile, pamoja na miwani na vizuizi vya masikio kwa kila anayefanya kazi hapo. Kuhusu kelele nitasema moja tu: wataalamu wa Marekani wanaona kelele ya desibeli 85 inatosha kwa saa 8, lakini ikifika 100 mwisho ni robo saa, na mashine hizi hazinong'oni.

Meneja anaweza kuuliza wafanyakazi wanaingiliaje mambo ya ununuzi. Ajibiwe kwa adabu na kwa sheria. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka wawakilishi wa wafanyakazi waulizwe juu ya usalama, unamlinda anayeondoka penye hatari kubwa ya papo hapo, na unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa ile ya msingi ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu. Anayeleta mashine kutoka nje naye ana wajibu wa kutoa maelezo ya kuitumia. Hayo maelezo yaletwe katika lugha ambayo walishaji wanaisoma, na asiyesoma asomewe.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika kitabu cha mashine yoyote. Matawi haya ndiyo kuni za kambini. Mama anayepika posho jioni huyaokota bure baada ya wakataji kuondoka. Chipa ikifika, tawi linakuwa vipande, vipande vinatandazwa chini ya miche ya chai au vinapelekwa kiwandani, na jiko la kambini linabaki tupu. Kwa hiyo katika mazungumzo hayo hayo ya kununua mashine, wajumbe wadai iandikwe kwamba matawi ya kiasi fulani kwa kila nyumba yatengwe kabla mashine haijawashwa, na siku ya kuyagawa itajwe. Oda ya mashine ikishatiwa sahihi bila maneno hayo, itakuwa vigumu kuyapata baadaye.