UCHANGANUZI: Kusahihisha orodha ya galaksi si aibu, ni nguzo ya sayansi

PICHA za darubini ya James Webb zilipoanza kutolewa mwaka wa 2022, walimwengu walibaki vinywa wazi. Miongoni mwa galaksi ambazo darubini hiyo ilielekezwa kuzitazama katika miezi yake ya kwanza kazini ni nne zenye majina yasiyovutia sikio: NGC 3256, NGC 7469, VV 114 na II Zw 96.

Ni wachache waliojiuliza nani aliyeziteua galaksi hizo kati ya mabilioni yaliyotapakaa angani. Jibu halimo ndani ya darubini yenyewe. Limo katika orodha iliyoanza kuandikwa miaka ya themanini, ikapatikana kuwa na kasoro, kisha ikasahihishwa na kuchapishwa upya mwaka wa 2003. Kazi hiyo ya kusahihisha haikupewa nafasi katika kurasa za mbele za magazeti, ingawa bila yake picha nyingi zinazosifiwa leo zingekosa msingi.

Chimbuko la orodha hiyo ni setilaiti iliyojulikana kama IRAS, mradi wa pamoja wa Marekani, Uholanzi na Uingereza. Ilirushwa Januari 25, 1983, kutoka kambi ya Vandenberg katika jimbo la California. Ilibeba darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 57, na kazi yake ilikuwa moja: kupima miale ya infraredi, yaani joto, inayotoka kila pembe ya anga.

Umuhimu wa joto hilo unaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kuwasha jiko la makaa. Makaa yakifunikwa na majivu, jicho halioni moto, lakini mkono ukisogezwa karibu huhisi joto. Ndivyo zilivyo galaksi nyingi. Mahali zinapozaliwa nyota kwa wingi pamejaa vumbi. Vumbi hilo humeza mwanga wa nyota changa, likapata joto na kulitoa kama miale isiyoonekana kwa macho. Galaksi inayoonekana hafifu katika darubini ya kawaida huenda ikawa tanuri kubwa inapopimwa kwa infraredi.

Kwa kuwa kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo, hata darubini yenyewe, IRAS ilibidi ipozwe kwa heliamu ya majimaji hadi karibu nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Heliamu ilipokwisha Novemba 1983, kazi yake ilikoma. Katika muda huo wa miezi kumi, ilikuwa imepima asilimia 96 ya anga na kuorodhesha vyanzo vya joto vipatavyo 250,000.

Kutoka katika rundo hilo, watafiti wakiongozwa na B. T. Soifer wa Taasisi ya Teknolojia ya California walichambua galaksi zinazong'aa zaidi na kuchapisha matokeo yao katika nusu ya pili ya miaka ya themanini. Sehemu ya pili, iliyoongeza maeneo ya anga yaliyokuwa yameachwa, hasa ya kusini, ilitolewa mwaka wa 1995 chini ya D. B. Sanders wa Chuo Kikuu cha Hawaii.

Kanuni ya kuingia katika orodha ilikuwa moja tu. Galaksi ilihitaji kuwa na nguvu ya mwanga inayozidi Jansky 5.24 katika wimbi la maikromita 60. Jansky ni kipimo kilichopewa jina la mhandisi Mmarekani Karl Jansky. Iliyovuka kiwango hicho iliandikwa, na iliyopungukiwa hata kwa sehemu ndogo iliachwa nje.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Thamani ya orodha ya aina hii haitokani na wingi wa majina yaliyomo. Inatokana na ahadi kwamba kila anayestahili ameingia na asiyestahili hakupenya. Ahadi hiyo ikivunjika, hesabu zote zinazojengwa juu yake huyumba, kama vile matokeo ya mtihani yanavyokosa maana iwapo karatasi za watahiniwa zilisahihishwa kwa mizani tofauti.

Na mizani ya orodha ya kwanza ilikuwa na walakini wa namna tatu.

Kwanza, ilitayarishwa kabla ya vipimo vya IRAS kurekebishwa kwa mara ya mwisho. Vihisi vya setilaiti, kama mizani ya dukani, huhitaji kulinganishwa na kitu ambacho uzito wake unajulikana. Marekebisho ya mwisho ya kumbukumbu za IRAS yalikamilika Mei 1990. Kwa hivyo, sehemu ya tarakimu zilizokuwa zikinukuliwa na wanafalaki zilitokana na mizani ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuitengeneza upya.

Pili, vihisi vya IRAS viliitazama anga kupitia vidirisha vidogo. Galaksi iliyo mbali huonekana kama nukta, na mwanga wake wote huingia kwa mkupuo mmoja. Galaksi iliyo jirani hutanda, ukingo wake ukabaki nje ya kidirisha. Ikipimwa kana kwamba ni nukta, sehemu ya mwanga wake haihesabiwi. Tatizo hilo lilifahamika tangu awali, ila mbinu za kulikabili hazikuwa sawa kwa kila galaksi.

Tatu, macho ya IRAS hayakuwa makali. Mahali ambapo setilaiti iliona chanzo kimoja cha joto, darubini nyingine zingeweza kuonyesha galaksi mbili zilizokaribiana au kugongana. Ni ipi kati ya hizo iliyo mwenye joto? Mara nyingine jina lililoandikwa lilikuwa la jirani.

Sanders, Soifer na wenzao watatu, J. M. Mazzarella, D.-C. Kim na J. A. Surace, waliamua kurudi mwanzo. Walizichukua upya kumbukumbu ghafi za IRAS, zikiwa na marekebisho ya mwaka wa 1990, wakazipima galaksi zote kwa utaratibu mmoja wa tarakilishi. Walilinganisha kila jina na hifadhidata ya kimataifa ya galaksi, na kuambatisha picha zinazoonyesha kila galaksi na eneo ambamo joto lake lilipimwa. Anga yote iliyopimwa na IRAS ilihusishwa, isipokuwa ukanda mwembamba wa nyuzi tano kila upande wa galaksi yetu, ambako vumbi la nyumbani huziba kilicho nyuma yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Orodha mpya ilikuwa na galaksi 629. Kati ya hizo, 39 hazikuwemo katika orodha za awali. Nyingine 28 zilizokuwemo ziliondolewa kwa kuwa vipimo vipya havikufikia Jansky 5.24. Kwa galaksi zilizobaki, tofauti kati ya tarakimu za kale na mpya mara nyingi ilikuwa kati ya asilimia 5 na 25. Kwa baadhi ya zile hafifu katika mawimbi ya maikromita 12 na 25, tofauti ilifikia maradufu.

Mtu wa kawaida angetarajia kwamba ufunuo kama huo ungezua fedheha. Haikuwa hivyo, na sababu yake inafaa kutiliwa maanani. Waliotangaza makosa hayo walikuwa miongoni mwa wale wale waliokuwa wameandika orodha ya kwanza. Hawakungoja kuumbuliwa na mahasimu. Walieleza walichokosea, kwa kiasi gani, na kwa nini, kisha wakaweka jipya mahali pa kuukuu. Wahenga walinena kwamba kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Hata hivyo, kuna wanaoweza kuuliza iwapo jasho hilo lote lilikuwa na faida. Ukweli ni kwamba hitimisho kuu la awali halikubadilika. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba idadi ya galaksi hupungua polepole kadiri mwangaza wao wa infraredi unavyoongezeka hadi takriban mara bilioni 30 ya mwangaza wa Jua, na kutoka hapo hushuka kwa ghafla. Orodha iliyosahihishwa ilionyesha mwelekeo huo huo. Iweje basi watu watumie miaka kadhaa kuthibitisha walichokuwa wakikijua?

Jibu la kwanza ni kwamba kabla ya 2003 hawakuwa na hakika kama walikijua au walikibahatisha. Hitimisho lililopimwa upya kwa mizani bora na likasimama ni tofauti na lile ambalo halijawahi kujaribiwa, hata kama maneno yake yanafanana.

Jibu la pili ni kwamba wastani huweza kubaki palepale huku mmoja mmoja akidhulumiwa. Asilimia 20 haitikisi hesabu ya galaksi 629, lakini inatosha kuihamisha galaksi moja kutoka kundi hadi kundi. Wanafalaki wametenga daraja maalumu kwa galaksi zinazotoa infraredi zaidi ya mara bilioni 100 ya mwangaza wa Jua. Kutokana na orodha ya 2003, galaksi na jozi za galaksi 202 zilipatikana kuvuka kiwango hicho. Hizo ndizo zilizoteuliwa kuchunguzwa kwa kina na darubini za Spitzer, Hubble na Chandra katika mradi uliofahamika kama GOALS. Muda wa darubini hizo ni ghali na hugombaniwa na wataalamu wa dunia nzima. Jina moja lisilostahili likiingia, jingine linalostahili hukosa zamu.

Isitoshe, mfano wa II Zw 96 unadhihirisha kwamba kazi ya kusahihisha haina kikomo. Katika orodha, hiyo ni galaksi moja yenye joto jingi. Uchunguzi wa Spitzer uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya infraredi yake inatoka sehemu moja ndogo, nje ya vitovu vya galaksi mbili zinazogongana. Mwaka wa 2022, darubini ya James Webb ilikibainisha chanzo hicho kwa usahihi ambao IRAS isingeweza kuuota. Tarakimu ya orodha haikuwa ya uongo, ila ilikuwa imeficha anwani ya kweli ya moto.

Wakenya wana sababu yao ya kuielewa hadithi hii. Desemba 12, 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa taifa, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru. Orodha yake ya vyanzo vya eksirei haikuandikwa mara moja ikaachwa. Ilirekebishwa na kupanuliwa hadi toleo la nne, lililotoka mwaka wa 1978 likiwa na vyanzo 339. Hadi leo, vyanzo kadhaa huitwa kwa majina yanayoanza na 4U, tarakimu hiyo ikimaanisha toleo la nne na herufi ikimaanisha Uhuru. Masahihisho yamekuwa sehemu ya jina lenyewe.

Lakini masahihisho hayo yote yana sharti moja ambalo husahaulika kwa wepesi. Marekebisho ya 2003 yalifanyika miaka ishirini baada ya IRAS kukata roho. Setilaiti yenyewe haikuweza kuulizwa chochote tena. Ingali inazunguka Dunia kama chuma kisicho na uhai, na Januari 29, 2020, iliponea chupuchupu kugongana na setilaiti nyingine iliyokufa juu ya jiji la Pittsburgh, Marekani. Kilichoiokoa sayansi ni kwamba vipimo ghafi vilikuwa vimehifadhiwa katika kituo maalumu huko Pasadena, California, pamoja na maelezo ya jinsi vilivyopatikana. Kama kungebaki orodha iliyochapishwa pekee, makosa yake yangekuwa ya kudumu.

Kadhalika, hazina hiyo haikufungiwa kabatini. Kumbukumbu za IRAS na orodha ya galaksi 629 zinapatikana bila malipo katika intaneti, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Nairobi au Maseno anaweza kuzipima tarakimu hizo mwenyewe akitaka.

Suala hili lina uzito kwa nchi ambayo imeanza kujitafutia nafasi angani. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka wa 2017. Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka Vandenberg, kambi ile ile iliyoirusha IRAS miaka arobaini awali. Kazi ya Taifa-1 ilikuwa kuitazama ardhi na si galaksi, lakini kanuni ni ile ile. Picha ya shamba lililokauka au msitu uliofyekwa huwa na thamani iwapo miaka kumi baadaye mtu anaweza kuirudia, akajua ilipimwa kwa mizani ipi, na akairekebisha pale ilipokosea.

Siku ya kurusha setilaiti huwa na vigelegele na hotuba. Bajeti ya kuwalipa watu wa kutunza kumbukumbu zake, kulinganisha vipimo na kusahihisha orodha haina vigelegele, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa fedha zinapokuwa haba. Watunga sera watakaoamua kuhusu setilaiti zijazo za Kenya hawana budi kuuliza mapema ni nani atakayezitunza kumbukumbu hizo, wapi, na kwa miaka mingapi.