*KURA ZA MAONI ZIRUDI KWA KILA MWENYE KADI*



Ndugu wanachama wa Tawi, Manchira,

Uchaguzi umepita. Tuseme hili sasa, kabla joto la 2030 halijaanza na kila neno kuonekana ni la kambi ya fulani.

Mwaka 2010, na tena 2015, kila mwanachama mwenye kadi hai alipiga kura ya maoni tawini kwake. Mwaka 2020 kazi ikarudi kwa wajumbe, na nchi nzima ikabaki na msemo "wajumbe si watu". Tulicheka. Lakini wajumbe ni watu, tena ni majirani zetu. Kosa ni la utaratibu unaowapa wachache uamuzi wa wengi. Kabla ya 2025 Chama kiliongeza idadi yao. Tunashukuru, na tunaomba hatua iliyobaki.

Kwa nini? Kwa sababu mlango ni mmoja. Katiba, ibara ya 39 na ya 67, inataka mgombea urais na ubunge atokane na chama cha siasa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, ilisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mwalimu, mzee wetu wa Butiama, naye alitetea mgombea binafsi. Mpaka sheria ibadilike, asiyepita kwenye chama hapiti popote. Basi atakayesemea tembo wanaoingia mashambani na maji ya bwawa letu anapatikana siku ya kura za maoni. Siku hiyo wengi wetu tuko nyumbani tukisubiri matokeo.

Hata enzi ya chama kimoja haikuwa hivyo. Mwaka 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili wawili majimboni, mmoja jembe na mwingine nyumba, wananchi wakaamua, wenye kadi na wasio nayo. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Chama hakikufa.

Wapo wanaosema wanachama wote wakipiga kura, kadi zitagawiwa usiku kwa watu wa kupita. Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ni daftari. Na rushwa je? Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata uteuzi ndani ya vyama, lakini wajumbe wachache wanafikika kwa usiku mmoja. Tawi zima halifikiki.

*Tunapendekeza tawi lipeleke kata mambo matatu:*

1. Kila mwanachama aliyelipa ada apige kura ya maoni tawini kwake.
2. Daftari lifungwe miezi 6 kabla, na majina yabandikwe ukutani.
3. Kura zihesabiwe hapo hapo mbele ya wanachama, matokeo yabandikwe kabla ya kupelekwa juu. Jina likikatwa huko juu, tawi lipewe sababu kwa maandishi.

Hoja hii italetwa mkutano mkuu wa tawi. Njoo na kadi yako, ada ikiwa imelipwa. Usiyekubaliana nayo njoo pia, useme mbele ya wenzako. Mzee asiye na simu, jirani amsomee.

*Uenezi, Tawi*