Wiki Tatu Katika Nafasi ya Mwenzetu

Mwezi wa Julai uliopita msaidizi wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule moja ya msingi hapa Mombasa alikwenda Lamu kumuuguza mamake. Mwalimu mkuu akauliza katika mkutano wa wazazi ni nani angeweza kushika nafasi yake kwa wiki tatu. Ukumbi ukanyamaza. Sisi tuandikao safu hii, ambao kwa miaka tumewahubiria wengine juu ya haki za watoto hawa, tuliona haya kunyamaza nao, tukainua mkono. Tulidhani kazi yenyewe ni kuketi na watoto, kuwapangusa makamasi na kuwafungulia chupa za maji.

Kitengo kile kina watoto 11, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Mwalimu amesomea elimu maalumu katika taasisi ya KISE kule Kasarani, iliyoanzishwa mwaka 1986, na mwajiri wake ni Tume ya Huduma za Walimu. Msaidizi hana mwajiri wa namna hiyo. Hulipwa kwa michango ya wazazi kupitia bodi ya shule, na mwezi ambao michango haikutimia, mshahara wake nao hautimii. Hana mkataba ulioandikwa. Msomaji aliweke hili akilini, kwani tutalirudia.

Kazi huanza saa moja na nusu asubuhi langoni, kuwapokea watoto kutoka kwenye tuktuk na migongoni mwa mama zao. Kiti cha magurudumu hakiendi kwenye mchanga, hukokotwa kinyumenyume. Kisha ni choo, kisha kuosha mikono, ambako kwa watoto hawa ni somo kamili lenye hatua zake, sawa na hesabu kwa wenzao. Mtaala mpya umewawekea njia yao wale wasiofuata masomo ya kawaida: hatua ya msingi, ya kati, ya matayarisho ya ufundi, kisha ya ufundi wenyewe. Mtoto mmoja alikuwa katika wiki ya sita ya kujifunza kufunga kifungo cha shati. Sisi, kwa kumhurumia, tulimfungia. Mwalimu alitutazama bila kusema neno, akakifungua tena.

Saa nne ni uji. Kuna kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye hulishwa akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kwa kijiko kidogo, na kijiko cha pili hakifuati mpaka cha kwanza kimezwe. Siku ya kwanza tulimwinua kichwa nyuma, kama anyweshwavyo mtoto mchanga. Mwalimu alitudaka mkono. Uji ungaliweza kuingia njia ya pumzi. Na yupo mvulana mwenye usonji ambaye kengele ya shule humchoma masikio. Mwenye kazi humtoa mapema hadi chini ya mwarobaini ulio mbali, kengele ikalia yeye hayupo. Hilo tulilijua siku ya tatu, baada ya siku mbili za mayowe tuliyoyaita ukaidi.

Tuseme neno moja juu ya maneno. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Lugha yetu tamu iliwatia wengi wao katika ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete. Hatukuibuni sisi, lakini lile jina ambalo watoto wa darasa la nne walikuwa wakilipigia kelele dirishani mwa kitengo hawakulipata kwenye sarufi. Walilipata nyumbani.

Sasa tufike siku ya Jumatano ya wiki ya pili. Alikuwapo binti wa miaka kama tisa, mpole, ambaye mara kwa mara alikuwa akikodoa macho mahali pamoja kwa nukta chache, asisikie akiitwa. Tulidhani ni kuzubaa. Tulimgusa bega mara mbili tatu na kumwambia asikilize, na mara moja sauti yetu ilikuwa kali. Jumatano hiyo mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Binti alikodoa macho, kisha akaanguka kutoka kwenye kiti, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika.

Hatutajipamba mbele ya msomaji. Tulisimama kama mlingoti. Aliyekwenda kwake ni mwanafunzi mwenzake, kijana wa miaka 14 mwenye sindromu ya Down, ambaye maneno yake hayazidi machache. Alivua sweta, akaikunja, akamwekea binti chini ya kichwa. Akavisukuma viti kando. Mtikisiko ulipopungua, akamlaza ubavu, taratibu, kwa mikono iliyojua. Mpishi alipokuja mbio na kijiko ili amtie binti mdomoni, kijana aliusukuma mkono wake na kutikisa kichwa. Baadaye mwalimu alitueleza kwamba ndivyo ipasavyo: mdomoni haitiwi kitu chochote, mwili haukandamizwi, saa hutazamwa, na ikipita dakika tano mtoto hukimbizwa hospitalini. Safari hii haikufika dakika tatu. Kijana yule hakufundishwa na mtu. Alikuwa amemtazama msaidizi akifanya.

Basi msaidizi alijua, na sisi hatukuambiwa. Mwalimu naye alikuwa mgeni wa muhula huo, hakuambiwa. Mama wa binti alipofika, alimketisha mwanawe pajani, akamfuta uso kwa ncha ya leso, kisha akasema nasi kwa sauti ya chini.

"Niwie radhi, mwalimu. Nilimwambia yule peke yake, nikamwapisha asimwambie mtu."

"Kwa nini, mama?"

"Dadake ameposwa. Wakisikia nyumba hii ina kifafa, watarudi?"

Dawa za mtoto zilikuwa zimekwisha tangu Jumapili. Msaidizi angaliliuliza hilo langoni Jumatatu asubuhi, kama alivyoliuliza kila Jumatatu.

Tulikasirika, na hasira hiyo ilitudumu mpaka jioni. Kisha tulijiuliza tungalifanyaje sisi, katika mtaa ambamo kifafa bado husemwa ni mashetani, na ambamo habari huvuka barabara kabla ya aliyeisema hajavaa viatu. Mama yule alikosea, na kosa lake lingaliweza kumgharimu mwanawe. Lakini woga wake tumeushona sisi sote, katika mabaraza yetu na vikao vya harusi.

Bwana Mtume (s.a.w.) alipokuwa akisafiri, zaidi ya mara moja alimwachia Abdullah bin Ummi Maktum, ambaye hakuwa na nuru ya macho, ashike nafasi yake Madina. Kisa hiki hutajwa sana ili kuonyesha hadhi ya sahaba huyo. Tangu Julai sisi tumekuwa tukiutazama upande wake wa pili: aliyeachiwa nafasi aliujua mji na aliijua kazi. Sisi tulikabidhiwa watoto 11 na ufunguo wa choo.

Msaidizi aliporudi, tulimwomba aketi na mwalimu ili kila mtoto aandikiwe ukurasa mmoja: anavyolishwa, kinachomtisha, dawa na saa zake, dalili za hatari, nani apigiwe simu. Tulidhani angefurahi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mkishaandika yote niliyo nayo kichwani, mtanihitaji kwa nini? Si mtamtafuta wa bei rahisi?" Hatukuwa na jibu. Mtu asiye na mkataba, ujuzi wake ndio mkataba wake, na sisi tulikuwa tukimwomba aukabidhi bure.

Tulipatana hivi. Kurasa zitaandikwa, zitakaa katika kabati la mwalimu lenye kufuli, na atakayeshika nafasi atazisoma siku moja kabla ya kuanza, akiwa pamoja na msaidizi. Kwa upande wetu, wazazi tunadaiwa barua ya ajira yenye mshahara uliotajwa na likizo. Hadi tunapoandika haya, kurasa tisa zimekamilika. Mama wa binti alikubali baada ya wiki mbili, kwa sharti kwamba neno kifafa liandikwe na mwalimu mwenyewe na karatasi isitoke chumbani. Wazazi wawili bado hawajaja. Barua ya msaidizi imewekwa katika ajenda ya bodi ya Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, na sisi tutakuwapo.