Bakuli la Uji Kabla ya Zamu



Juma lililopita niliahidi kuzungumza juu ya chakula cha asubuhi, na ahadi ni deni.

Kabla ya kuingia kazi ya ofisi nilifundisha shule ya msingi. Huko nilizoea kuona watoto ambao hadi saa tatu wako macho, na ikifika saa nne unawasemesha nao wanautazama ukuta. Niliwaita wavivu. Miaka ikapita, siku moja binti yangu mwenyewe akarudishwa nyumbani kwa kizunguzungu. Nilipokumbuka nilichomwekea mezani asubuhi ile, chai ya rangi yenye sukari nyingi na kipande cha mkate, niliona haya.

Sukari huingia mwilini upesi na kuisha upesi. Majani ya chai nayo huupunguzia mwili madini ya chuma yaliyomo katika chakula kinacholiwa pamoja nayo. Na hapa kambini kwetu, mwezi ukifika tarehe 20, hata huo mkate haupo!

Hapa Uganda tunao ulezi, ambao wengi huuita wimbi, na wazee wa Teso, Acholi na Ankole wamekulia juu yake. Katika nafaka tunazokula hakuna iupitayo kwa kalsiamu, yaani madini yajengayo mifupa na meno.

Kwa watu watano, chukua vikombe 2 vya unga wa ulezi, uukoroge jioni kwa vikombe 3 vya maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha ufunike hadi asubuhi uchachuke kidogo. Mchachuko huo huufanya mwili uyapokee madini kwa urahisi zaidi. Alfajiri chemsha vikombe 4 vya maji, mimina ule unga huku ukikoroga, nao uive kwa moto mdogo dakika 15. Ongeza vikombe 2 vya maziwa, uchemke tena. Mwisho tia vijiko 4 vya odi, ile karanga iliyosagwa pamoja na simsim. Lakini kwanza iyeyushe katika bakuli kwa uji wa moto, isije ikafanya madonge. Kipande cha papai au chungwa kando yake kitasaidia madini ya chuma yapokelewe. Chai isubiri saa nzima.

Karanga zichambueni kwa mikono yenu. Iliyosinyaa au yenye kuvu itupwe, kwa maana sumu ya kuvu haimalizwi na moto wa jikoni.

Sipendezwi na desturi ya kusaga ulezi, soya, karanga na mukene pamoja katika unga mmoja. Soya isiyoiva vema huuzuia mwili kutumia protini, na karanga ikisagwa huharibika upesi ikauharibu na unga wote. Kila kitu na kiwekwe peke yake, kikutane na mwenzake sufuriani.

Mwenye mtoto aliyetimiza miezi 6 asimpe uji wa majimaji. Loweka ulezi usiku mmoja, uache uote siku 2 au 3 katika kitambaa chenye unyevu, ukaushe juani, uusage. Hicho ndicho kimea. Pika uji mzito, uepue, ukipoa kiasi cha kuvumilika kwa kidole tia kijiko kidogo cha kimea. Baada ya dakika chache utalainika bila kuongezewa maji, nalo tumbo dogo litapata chakula kamili. Uchemshe tena kabla ya kumlisha. Usitumie mtama, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu.

Jirani yetu koplo alipotoka zamu ya usiku nilimkaribisha bakuli. "Mwalimu," akasema, "uji ni chakula cha wagonjwa, nami nimelinda lango usiku kucha."

"Keti, Afande, uonje kwanza."

Alikula mabakuli mawili, kisha akauliza odi inauzwa wapi.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kukausha mboga za majani.