AIBU SI YA MWANAFUNZI

Mkulima wa Mkula, mkoani Simiyu, auzapo pamba yake ili bintiye apate nauli ya kwenda Chuo Kikuu, hampeleki mtoto sokoni. Ampeleka kutafuta elimu. Basi akitokea mwalimu wa kumwambia binti yule kwamba alama za mtihani hulipwa kwa mwili, mwalimu huyo amemwibia mzazi, na Taifa pia ameliibia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi waliojificha nyuma ya jina la "Mzee Punch". Kifo chake kiliwaamsha wengi, hasa wanahabari wanawake wa TAMWA, na juhudi zao zilisaidia kuzaliwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kisha sheria ya rushwa ya mwaka 2007 ikatamka kwamba mwenye madaraka adaiye ngono ni mla rushwa. Hata hivyo, mwaka 2018 mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, alisema hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri. Na mwaka 2020 utafiti wa TAKUKURU katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma ulionyesha kwamba tatizo lipo.

Ikiwa sheria ipo, mbona wakosaji wangalipo? Ni kwa kuwa mdhulumiwa aogopa. Amdhulumuye ndiye asahihishaye karatasi yake, na pengine wa kupokea mashtaka ni rafiki wa mshtakiwa. Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuunda madawati ya jinsia vyuoni. Hiyo ni hatua njema. Lakini dawati lisilotunza siri ni meza tu.

Kwa hiyo twamwambia mwanafunzi: usiitikie wito wa faragha peke yako. Usifute ujumbe ulioandikiwa. Mwambie mapema mtu umwaminiye. Dawati la chuo likinyamaza, nenda TAKUKURU, au piga simu 113 bila malipo. Tena nenda kabla ya siku uliyopangiwa, ili mkosaji anaswe katika tendo lake. Ukishambuliwa, kimbilia dawati la jinsia la Polisi.

Nasi wazazi na wafanyakazi tunao wajibu wetu. Binti arudipo nyumbani na habari hii, swali letu la kwanza lisiwe, "Ulivaa nini?" Swali hilo humfunga mdomo mwenye haki na kumfungulia mlango mwenye hatia. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Vyuo navyo havina budi kuhakikisha kwamba mtihani wa mlalamikaji wasahihishwa na mtu mwingine, la sivyo hakuna atakayethubutu kusema.

Aibu ni ya mdai, si ya mdaiwa. Siku wananchi wote watakapolishika neno hili, dhuluma itakosa mahali pa kujificha.