Mikataba ya Biashara na Mahakama ya Nchi

Mkulima wa pamba wa Bunda anayedai haki yake hana njia ila mahakama za nchi yake. Kadhalika mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama. Rufani zao zaweza kufika Mahakama Kuu iliyoko Musoma, na baadaye Mahakama ya Rufani. Mgeni mwenye mtaji unaolindwa na mkataba halazimiki kwenda safari hiyo. Yeye aweza kuishtaki serikali mbele ya waamuzi watatu, katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichoko Washington, ambacho Tanzania ilijiunga nacho mwaka 1992. Uamuzi wao hauna rufani, na mahakama za nchi zapaswa kuyatekeleza malipo yake kana kwamba ni hukumu zao wenyewe.

Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kukataza mashauri ya mali asili yasipelekwe katika mahakama za nje. Mwaka huohuo, mabadiliko ya sheria ya madini yalifuta leseni za kushikilia maeneo. Wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, waliutegemea mkataba wa Uingereza na Tanzania wa mwaka 1994. Mwaka 2023 walipewa ushindi wa zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Mwaka 2024 serikali ilikubali kulipa milioni 90. Basi yadhihirika kuwa sheria iliyotungwa nyumbani haivunji ahadi iliyotiwa saini na taifa jingine. Anayetaka kuirudishia mahakama heshima yake hana budi kuugusa mkataba wenyewe.

Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alilitambua jambo hili mapema. Desemba 1961 aliuarifu Umoja wa Mataifa kuwa mikataba ambayo Uingereza ilifunga na nchi mojamoja kwa ajili ya Tanganyika ingeshikwa miaka miwili, ichunguzwe, na isiyofanywa upya ihesabiwe kuwa imekwisha, kwa kadiri sheria ya mataifa iruhusuvyo. Mwaka 1962 Tanganyika ikakataa kufungwa na mapatano ya Nile ya mwaka 1929, yaliyozuia hata maji ya ziwa lioshalo fukwe za Musoma na Bunda yasitumiwe pasipo ridhaa ya Misri.

Husemwa kuwa mahakama za nchi ni nzito, na mgeni hataleta mali pasipo waamuzi wa nje. Hoja hii ni dhaifu. Brazil haikuridhia mikataba ya namna hiyo, wala haikukosa mitaji. Na mahakama ikiwa nzito, ni nzito kwa mkulima wa Bunda pia. Dawa yake ni kuiponya kwa wote, si kumtafutia tajiri mlango wake peke yake.

Njia ipo. Ibara ya 26 ya mkataba wa kituo hicho yairuhusu serikali kudai kwamba mahakama zake zimalize shauri kwanza. Mkataba na Uholanzi ulikatishwa mwaka 2019. Iliyobaki nayo ichunguzwe mmoja mmoja, na sharti hilo liandikwe ndani yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji ahukumiwe nje ya nyumba yake.