Hatari ya mlango wa Sabaki hutabirika, ila taarifa zimetawanyika

KILA mvua ya masika inapokaribia, macho ya Wakenya wengi huelekea mawinguni. Mkulima wa Machakos huisubiri apate kupanda, naye mkazi wa mtaa wa mabanda jijini Nairobi huomba isizidi kipimo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba maji hayo hayo, baada ya kulowesha mashamba na kufurika mitaroni, hufunga safari ndefu ya kwenda baharini, na kwamba mwishoni mwa safari hiyo kuna watu ambao uhai na riziki yao hutegemea yatafika vipi.

Mwisho huo ni mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi, katika Kaunti ya Kilifi. Mto huo, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, huanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu zilizo karibu na Nairobi. Hupita Ukambani, ukaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukaingia Bahari Hindi kwa jina la Sabaki. Hapo ndipo wavuvi wa mitumbwi na madau hupitisha vyombo vyao, vijana huogelea, na siku hizi wapenzi wa mchezo wa kuteleza mawimbini kwa ubao huja kutafuta mawimbi wasiyoyapata kwingineko.

Wote hao wana swali moja kila kunapopambazuka: bahari leo ikoje? Jibu lake hutegemea mambo matatu ambayo kila moja lina ratiba yake, nayo ni maji ya mto, mawimbi yatokayo mbali, na kujaa na kupwa kwa bahari. Jambo la kutia moyo ni kwamba yote matatu hujulikana mapema. La kusikitisha ni kwamba habari zake hutoka katika milango mitatu tofauti, na mara nyingi kazi ya kuziunganisha huachiwa mvuvi mwenyewe.

Ili kufahamu kwa nini mahali hapa si kama fuo nyingine za Pwani, ni lazima kuanza na mwamba. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na ukuta wa matumbawe. Wimbi kubwa litokalo bahari kuu huvunjikia hapo, na linalofika ufuoni huwa limeishiwa na nguvu. Ndiyo sababu mtoto huweza kuoga Diani au Bamburi hata kusi likiwa linavuma. Lakini matumbawe hayastahimili matope wala maji yasiyo na chumvi, na Sabaki imekuwa ikiyamwaga yote mawili mahali pamoja kwa karne nyingi. Hapo ukuta umekatika na lango limebaki wazi. Wimbi lililozaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari Hindi, maelfu ya kilomita kutoka Malindi, huingia bila kizuizi mpaka kwenye mafungu ya mchanga yaliyo mbele ya mto.

Mafungu hayo ndiyo yanayoamua wimbi livunjike wapi. Kwa kawaida wimbi huvunjika linapofika penye kina kisichozidi urefu wake kwa mbali. Wimbi la mita 2 huanza kuporomoka maji yakiwa na kina cha mita mbili na nusu hivi. Fungu likihama, na haya huhama baada ya kila mafuriko, njia ambayo nahodha aliitumia mwezi uliopita huenda leo ikawa ndipo mahali pa hatari zaidi. Hakuna ramani iliyochapishwa inayoweza kushindana na mwendo huo.

Hata tarakimu zenyewe zinahitaji kufasiriwa. Taarifa ya hali ya bahari ikisema mawimbi yatakuwa ya mita 2, haina maana kwamba hakuna litakalozidi hapo. Kipimo hicho ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kati ya mamia yanayopita, mara moja moja huja moja linalokaribia mara mbili ya kipimo hicho. Kwa meli ya mizigo hilo si neno. Kwa mtumbwi wa watu wawili unaovuka fungu la mchanga, wimbi hilo moja ndilo lenye hukumu.

Sasa tutazame majira. Kusi huanza kushika Aprili na kuendelea hadi Oktoba, nguvu zake zikiwa kubwa zaidi kati ya Juni na Agosti. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani karibu kilomita 46 kwa saa. Katika miezi hiyo ya katikati bahari huchafuka karibu kila siku, lakini machafuko yake yamezoeleka. Wavuvi wengi wa vyombo vidogo hupunguza safari, mto nao huwa umeanza kupungua. Wanaoteleza kwa ubao hutoka alfajiri kabla upepo haujapanda, na wale wanaovutwa na tiara husubiri alasiri.

Kaskazi, linalovuma kuanzia Novemba hadi Machi, huleta bahari tulivu zaidi na huwa ndiyo neema ya wavuvi. Hata hivyo, mvua za vuli zikizidi, kama ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998 na tena mwishoni mwa 2023, mto hushuka ukiwa na magogo, takataka na wakati mwingine mamba na viboko waliosombwa na mkondo. Maji mekundu nayo husukumwa upande wa kusini kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi ya baharini iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Hatari ya msimu huo haimo sana katika mawimbi, imo katika yale yasiyoonekana ndani ya maji ya matope.

Wakati mgumu kuliko yote ni Aprili na Mei. Hapo masika huwa yamekolea bara na mto umejaa, ilhali kusi ndiyo kwanza linaingia na kuleta mawimbi marefu kutoka kusini. Mto unasukuma nje, bahari inasukuma ndani. Wimbi linapokutana na mkondo unaolikabili, hufupika, huinuka na kusimama wima kama ukuta kabla ya kuanguka. Bahari ambayo hatua chache kando ingeweza kupitika hugeuka kuwa jungu linalotokota.

Likiongezwa jambo la tatu, yaani bamvua, hesabu hukamilika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, muda ule ule ambao vyombo vingi hutoka, maji ya bahari yanayopwa huungana na mafuriko ya mto kukimbilia nje. Mvuvi hupata mwendo rahisi wa kutoka, mpaka afike fungu la mchanga ambako mawimbi humsubiri. Muogeleaji wa jioni naye huingia majini wakati mkondo kama huo unapoanza upya.

Nadharia hii ilikaribia kupata ushahidi wake mwaka wa 2024. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mafuriko yalikuwa yameikumba nchi na hatimaye karibu watu 300 wakapoteza maisha. Mto Athi ulikuwa umevunja kingo zake. Ndipo Kimbunga Hidaya kilipotokea baharini, kikafika kisiwa cha Mafia nchini Tanzania Mei 4. Serikali ya Kenya iliwataka watu wakae mbali na bahari, na athari zilizofuata hazikufikia zile zilizohofiwa.

Wengi walihitimisha kwamba tahadhari ilitiwa chumvi. Kalenda ya mwezi inasimulia mengine. Mwezi ulikuwa umeingia robo ya mwisho Mei 1, na kwa hivyo kimbunga kilikuta bahari ikiwa karibu na maji mafu. Mwezi mwandamo ulikuwa Mei 8. Mambo mawili kati ya matatu yalikuwa yamekutana, na la tatu likachelewa kwa siku nne tu. Isitoshe, vimbunga ni nadra kuikaribia ikweta kiasi hicho, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayovisokota hudhoofika huko. Nadra, hata hivyo, si sawa na haiwezekani.

Kwamba tahadhari huokoa maisha ni jambo lililothibitishwa zamani. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Indonesia yalichukua saa kadhaa kuvuka Bahari Hindi. Nchini Kenya fuo ziliondolewa watu na aliyepoteza maisha alikuwa mtu mmoja. Nchini Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kupeleka habari vijijini, walikufa karibu watu 300. Somalia ilipigwa kwa nguvu zaidi, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza pengo hilo.

Ikiwa saa chache zilitosha siku ile, siku kadhaa zinapaswa kutosha zaidi. Mafuriko ya Nairobi na Ukambani huchukua siku kadhaa kufika Sabaki. Mawimbi marefu ya kusini nayo husafiri kwa siku kadhaa kabla ya kufika Malindi. Bamvua hujulikana mwaka mzima kabla. Lakini vipimo vya mto vimo mikononi mwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mvua na mawimbi vimo kwa Idara ya Hali ya Hewa, na majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa na Halmashauri ya Bandari. Kila mmoja hufanya kazi yake kwa ajili ya wateja wake: mhandisi, mkulima, nahodha wa meli. Mwenye mtumbwi anahitaji vyote vitatu katika sentensi moja, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kumwambia mtu huyo abaki nyumbani si jibu. Ghuba la Malindi na Ungwana ndilo shamba kuu la kamba nchini, na ni kwa sababu ya mito. Maji ya Sabaki na Tana hubeba rutuba inayowalisha. Kwa hivyo mvua inayofanya mlango wa mto kuwa wa hatari ndiyo hiyo hiyo inayoleta riziki. Onyo la jumla la siku saba, lisilotenga asubuhi na alasiri wala Mambrui na Watamu, mvuvi atalipuuza, kwa kuwa watoto wake hawawezi kulala njaa siku saba. Onyo litakalomwambia kwamba Alhamisi maji yatapwa hadi saa nne huku mto ukiwa juu, lakini baada ya hapo maji yataanza kujaa na kuutuliza mkondo, atalisikiliza.

Nako bara kuna sehemu ya lawama. Uchunguzi wa tumbawe la miaka 300 kutoka Malindi, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba udongo unaoshuka na Sabaki ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, misitu ilipokatwa na milima kulimwa bila matuta. Udongo huo ndio unaojenga mafungu na kusogeza ufuo wa Malindi mbele, hata majengo yaliyokuwa karibu na maji yakajikuta mbali nayo. Bwawa la Thwake huko Makueni na Kitui, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka wa 2018, ni la kuzuia mita milioni 688 za ujazo wa maji. Litashika pia sehemu ya mchanga, na hapo mlango wa mto utabadilika tena. Aidha, kufunguliwa kwa malango ya bwawa kutakuwa habari ambayo watu wa Sabaki watastahili kuipata mapema, jinsi wenzao wa Garissa na Tana River wanavyotangaziwa mabwawa ya Mto Tana yanapofurika.

Haya yote hayahitaji mitambo mipya. Redio zinazosikika Pwani zipo, simu zimeenea, na vikundi vya usimamizi wa fuo vimesajiliwa. Kinachohitajika ni ofisi moja kupewa jukumu la kuweka vipimo vitatu kwenye ukurasa mmoja, na wazee wa bahari kushirikishwa kueleza mafungu yamehamia wapi. Wakati hayo yakisubiriwa, kanuni chache zinafaa kukumbukwa: kutovuka mlangoni maji yanapopwa siku za bamvua mto ukiwa umejaa, kutoogelea katika maji mekundu, na kwa aliyechukuliwa na mkondo, asipigane nao kurudi pwani, bali aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke ndani yake.

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Walijua kwamba msukosuko wake hauna mwisho, na hawakutarajia kuuondoa. Walichofanya ni kuyajua majira yake, wakayapa majina ya kusi, kaskazi, tanga mbili na bamvua, wakasafiri kwayo hadi Uarabuni na Bara Hindi. Taifa lenye setilaiti na vipimo vya mto halina udhuru wa kumwachia mvuvi wa Sabaki akisie peke yake.